Ofisi isiyo na mlango: barua ya wazi kwa Bodi ya chama chetu

Urambo, Tabora
Machi 2026

Kwa Mwenyekiti, Wajumbe wa Bodi na Meneja,
Chama chetu cha Msingi cha Ushirika wa Mazao na Masoko.

YAH: KUNUNUA OFFICE MPYA KABLA YA MASOKO

Ndugu Mwenyekiti, shikamoo. Ndugu wajumbe, salaam nyingi. Meneja, kaka yangu, hii barua usiichukulie vibaya.

Kichwa cha habari hapo juu chahusika, na kimeshatuchekesha mara moja. Katika mkutano wa wanachama wa mwezi uliopita, Meneja aliposoma kwenye makisio kwamba tunahitaji "Office mpya" kwa shilingi 2,150,000, mzee mmoja wa mstari wa nyuma alinyanyua fimbo akauliza: ofisi mpya ya nini wakati paa la ghala linavuja? Meneja akaeleza kwamba si jengo, ni programu ya kompyuta. Mzee akakaa, akatafakari, akasimama tena. "Kwa hiyo tunanunua ofisi isiyo na mlango." Watu walicheka mpaka Mwenyekiti akagonga meza. Na mimi nilicheka. Usiku nikiwa nyumbani ndipo nikatambua kwamba yule mzee ndiye mtu pekee aliyeuliza chochote kuhusu fungu hilo. Sisi wengine tulipiga makofi, likapita, likaja kwenu.

Naandika kama karani wenu wa mizani, mtu anayeshinda na hizo programu kuanzia tiketi ya kwanza ya soko hadi robota la mwisho la tumbaku. Naandika hadharani kwa sababu fedha ni za wanachama, na kwa sababu makarani wenzangu wa Kaliua na Sikonge wananiambia nao wameletewa profoma, yaani karatasi za bei za muuzaji, za namna hii. Ombi langu nalitanguliza ili asiye na muda aishie hapa: msisaini profoma ile sasa. Subirini masoko yafungwe. Hata baada ya hapo tusinunue ile, tununue nyingine iliyo ndogo.

Tuna kompyuta tatu. Ya Meneja ni ya mezani, ina Windows 10 na Office 2016. Ya mhasibu ni mpakato, nayo vivyo hivyo. Yangu ya mizani ndiyo bibi yao: Windows 7, Office 2010, na kibodi ambayo herufi M lazima uigonge kama unapiga muhuri. Muuzaji aliwaambia kwamba matoleo yetu yamekufa, na hapo hakusema uongo. Microsoft iliacha kuihudumia Office 2010 tarehe 13 Oktoba 2020. Office 2016 iliachwa tarehe 14 Oktoba 2025, siku ileile Windows 10 ilipoachwa.

Ila kufa huku si kuzimika. Programu inafunguka kama jana, inaandika, inajumlisha. Kilichokoma ni viraka, yaani marekebisho ya kuziba matundu ya usalama. Mwaka 2017 liligunduliwa tundu kwenye kijisehemu cha Office cha kuandikia milinganyo ya hesabu. Tundu hilo lilikuwa limekaa humo takriban miaka 17 bila mtu kulitangaza. Ukifungua tu faili lililotegwa, mtu usiyemjua anaingia kwenye kompyuta yako. Microsoft walilipiga kiraka, na Januari 2018 wakakiondoa kijisehemu chote. Likigunduliwa tundu la namna hiyo kesho, kiraka chake hakitafika Urambo, si kwa matoleo tuliyonayo.

Hatari ipo, basi. Lakini iko kwa nani? Kompyuta yangu ya mizani haina bando wala haijawahi kufungua barua pepe. Adui yake ni vumbi na flashi za watu. Kompyuta ya Meneja inaandika barua na kuingia kwenye MUVU, mfumo wa Tume ya Maendeleo ya Ushirika, ambao unafunguka kwenye kivinjari na haujali kama una Office au huna. Anayefungua viambatisho vya watu ni mhasibu: majedwali ya kampuni za ununuzi, ankara za wasafirishaji, na barua za wale wanaojiita benki. Ukiniuliza nani anahitaji programu inayopata viraka, nitakuonyesha meza moja. Profoma inalipia tatu.

Sasa yale ambayo hayakusemwa mkutanoni. Hiyo Office 2016 hatujawahi kuinunua. Ililetwa na fundi kwenye flashi, pamoja na kijiprogramu cha kuidanganya iamini kwamba imelipiwa. Ili kijiprogramu hicho kikubali kufanya kazi, fundi alizima kwanza kinga ya virusi. Nilikuwepo. Umeme ulikuwa umekatika, mpakato wa mhasibu unatumia betri, na mimi ndiye niliyeshika tochi. Fundi simlaumu, tulimpa hela ya kazi na chai, akatupa tulichomwomba. Lakini nchi hii ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki tangu mwaka 1999, na programu za kompyuta zimo. Mkaguzi wa COASCO, shirika la ukaguzi wa vyama vya ushirika, anayetuuliza risiti ya mbolea ana haki ya kuuliza na risiti ya hiyo. Tunapojadili kama tupande toleo, tukumbuke kwamba hatujawahi kulipia ngazi ya kwanza. Na tusije tukakimbilia zile funguo za "milele" zinazouzwa kwa bei ya kuku kwenye makundi ya simu. Huo ni ule ule mchezo wa flashi, safari hii una risiti ya uongo.

Kitu kingine kilicho chini ya zulia ni Windows yenyewe. Office mpya inakubali kuwekwa kwenye Windows 10, muuzaji yuko sahihi. Lakini kuweka Office yenye viraka juu ya Windows isiyo na viraka ni kuezeka nyasi mpya juu ya nguzo zilizoliwa na mchwa. Na kupanda kwenda Windows 11 si suala la kutaka tu. Inadai kumbukumbu ya GB 4, jambo ambalo tunaliweza, na pia kijichipu cha usalama kinachoitwa TPM 2.0, na kwa kompyuta za Intel, prosesa ya kizazi cha nane kwenda juu. Ya Meneja ni kizazi cha nne. Ya mhasibu ni cha saba, imeachwa na gari ikiwa imeshanyoosha mkono. Yangu tusiizungumzie. Kwa hiyo profoma inayoandika "kupandisha toleo, kompyuta tatu" imeandikwa na mtu ambaye hakuzifungua hizo kompyuta kutazama kilichomo.

Nije kwenye aina ya malipo, maana hapo ndipo naona hatari kubwa kuliko ya virusi. Wanachotuuzia ni Microsoft 365, yaani kupanga, si kununua. Unalipa kila mwaka. Ukiacha kulipa, programu haifutiki, ila inajifunga: unaweza kusoma na kuchapa ulichoandika zamani, huwezi kubadilisha hata tarakimu. Pia inataka ikutane na intaneti takriban kila mwezi ili ithibitishe kwamba bado umelipia. Mtu wa mshahara wa kila mwezi anaweza kuishi hivyo. Sisi fedha yetu inaingia mara moja kwa mwaka, tumbaku ikishauzwa. Mpangie mkulima wa Urambo bili inayoiva mwezi Machi, wakati tumbaku iko mabanini na mfuko wa chama una kutu, uone. Na bei ya kupanga si yetu kuipanga: Januari 2025 Microsoft walipandisha mpango wa mtu mmoja kule Marekani kutoka dola 6.99 hadi 9.99 kwa mwezi, wakaongeza ndani yake msaidizi wa akili bandia ambaye wengi hawakumwomba.

Halafu kuna kadi. Malipo yale yanataka kadi ya benki inayokubali dola, na chama hakina. Kwenye kikao ilisemwa kwamba itatumika kadi ya Meneja, naye atarudishiwa. Meneja, sina shaka na uaminifu wako hata chembe. Lakini akaunti itakuwa kwa jina lako na barua pepe yako, na mafaili yatahifadhiwa huko juu mtandaoni, kwenye akaunti hiyo. Ukihamishwa, ukiugua, au tukikosana siku moja kama binadamu wanavyokosana, daftari la wakulima zaidi ya 400 litakuwa kwenye mfuko wa shati la mtu. Ushirika katika mkoa huu umeshaliwa kwa njia nyingi. Tusiifungulie mpya kwa bahati mbaya.

Msinielewe kwamba napinga kila kipya. Toleo jipya lina mambo mazuri, na moja linanigusa kwa aibu yangu mwenyewe.

Msimu wa juzi tulikata madeni ya pembejeo kwa jedwali nililolitengeneza mimi. Karatasi moja ina namba ya mkulima na marobota yake, karatasi nyingine ina deni la kila mmoja: mbolea, dawa, mbegu, nyuzi za kufungia. Kuziunganisha nilitumia VLOOKUP, fomula ya Excel, ile programu ya majedwali iliyo ndani ya Office. Fomula hiyo ina sehemu nne, na ya nne inauliza: unataka namba hiyohiyo, au hata inayoikaribia inatosha? Ukiiacha wazi, Excel inachukua "inayoikaribia", na inadhani orodha yako imepangwa kutoka ndogo kwenda kubwa. Orodha yangu haikupangwa. Wanachama wapya niliwaongeza chini kama walivyokuja. Excel haikutoa onyo, haikuandika kosa, ilijaza tu madeni ya watu kwenye majina ya watu wengine, kimya kimya. Wakulima kumi na mmoja. Mama mmoja aliyechukua mifuko miwili ya mbolea alikatwa ya mifuko tisa. Alikuja na stakabadhi zake amezifunga kwenye pindo la khanga. Hakupiga kelele. Alizifungua, akaziweka mezani kwangu moja moja, akasubiri. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Excel 2021 na 2024 zina fomula nyingine, XLOOKUP. Hiyo usipoiambia chochote inatafuta namba ileile tu, na isipoiona inasema haipo. Ningekuwa nayo, yule mama asingetembea kilomita zote zile juani. Nilikuwa tayari kusimama mbele yenu kutetea toleo jipya kwa sababu hiyo moja. Kisha mhasibu wa chama jirani akanionyesha kwamba VLOOKUP yangu ilihitaji sifuri moja mwishoni, kabla ya kufunga mabano. Sifuri hiyo ilikuwepo tangu sijaajiriwa. Nimeshaiweka, na kila jioni ya soko napitia majina kumi kwa mkono nikilinganisha na stakabadhi. Kwa hiyo sababu yangu nzuri kuliko zote ya kutumia milioni mbili iligharimu tarakimu moja.

Na hapa kuna mtego ambao profoma haiutaji. Mhasibu akipata Excel mpya akaandika XLOOKUP, faili hilo likija kwenye kompyuta yangu ya mizani fomula itaonekana ina maneno ya ajabu mbele yake, na Excel yangu ikijaribu kuikokotoa upya itatoa kosa la #NAME? kila mstari. Kuwa na matoleo mawili katika ofisi moja kunawezekana, ila lazima mtu aweke sheria ni fomula zipi zinaruhusiwa. Mpaka sasa sheria hiyo haipo.

Jambo linalonikosesha usingizi kuliko yote haya halihitaji programu mpya kabisa. Ni faili la MASTER. Lilianzishwa na karani aliyenitangulia, enzi za Office 2003, na hadi leo mwisho wa jina lake ni .xls. Kila robota ni mstari mmoja, na misimu imelundikana humohumo. Wiki iliyopita nilishuka hadi chini: tumepita mstari wa 61,000. Karatasi ya aina ya .xls ina mistari 65,536, haiongezeki hata mmoja. Katikati ya masoko ya mwaka huu tutagonga ukuta. Mhasibu akifanya kazi kwenye aina mpya kisha akahifadhi kwa aina ya zamani ili mimi nifungue, yaliyozidi yanakatwa. Excel inaonya, ndiyo, lakini sisi ni watu wa "Endelea, endelea, sawa".

Msidhani ni mambo ya washamba wa Urambo. Kati ya tarehe 25 Septemba na 2 Oktoba 2020, Uingereza ilipoteza kwenye hesabu zake wagonjwa 15,841 wa Uviko kwa sababu matokeo ya maabara yalikuwa yakimiminwa kwenye majedwali ya aina hiyohiyo ya zamani, yakajaa, yaliyobaki yakaachwa nje. Nchi yenye fedha zote zile. Waliokutana na wagonjwa hao hawakutafutwa kwa wakati. Dawa yake kwetu ni kubofya mara tatu: Hifadhi kama, aina ya .xlsx, Sawa. Hiyo ina mistari 1,048,576, na hata Office 2010 yangu inaifahamu. Naomba ruhusa ya Bodi nifanye hivyo wiki hii, kila msimu nikiutengea faili lake, na la zamani libaki kama lilivyo kwenye diski mbili. Ruhusa naiomba kwa maandishi kwa sababu faili ni mali ya chama, si yangu.

Huyo karani aliyenitangulia ana kisa chake, na ningependa kila mjumbe akisikie kabla ya kupiga kura. Yeye alijifunza kwenye Office 2003. Siku moja alikuja kazini akakuta amewekewa Office 2007. Menyu zote alizozikariri zimeondoka, juu kuna utepe wa vitufe, na neno File halipo. Mahali pake kuna duara lenye nembo. Ilikuwa wiki ya pili ya masoko. Alitafuta pa kuchapia asubuhi nzima, wakulima wamesimama dirishani, na hakuna aliyemwambia kwamba lile duara ndilo File. Mchana akatoa daftari la mistari na kalamu ya wino wa bluu, akamaliza msimu mzima kwa mkono. Neno File lilirudi kwenye toleo la 2010. Mzee wetu hakurudi. Daftari lake ninalo, hesabu zake ni safi kuliko zangu.

Ndiyo maana nashikilia suala la wakati. Siku ya soko mnaijua, lakini mnaiona kutoka upande wa viti. Wakulima wamelala ghalani pembeni ya marobota yao. Asubuhi mteuzi wa Bodi ya Tumbaku anapita safu kwa safu, mnunuzi yuko nyuma yake, robota linapewa daraja na bei yake ya dola kwa kilo, linabebwa mizani, namba inasomwa kwa sauti, nami nina sekunde chache za kuiandika kabla ya jingine halijafika. Robota mia nne kwa siku moja si ajabu. Mahali hapo ndipo mnataka kuleta kompyuta ambayo karani hajui kitufe cha kuchapa kimehamia wapi, na ambayo inaweza kuamua saa nne asubuhi kwamba inajisasisha, tafadhali usizime.

Na kuna kidudu kidogo zaidi, kinachopenda usakinishaji mpya: tarehe. Windows ikiwekwa upya na fundi akabofya haraka haraka, mara nyingi inabaki na mpangilio wa Kimarekani, mwezi kwanza, siku baadaye. Nikiandika 5/6/2026 nikimaanisha tarehe 5 Juni, kompyuta inasoma tarehe 6 Mei. Nikiandika 13/6/2026 inashindwa, inaiacha kama maneno tu, haiipangi wala haiihesabu. Kwa anayeandika mihtasari ya vikao ni kero ndogo. Kwa chama kinachouza kwa dola na kulipa kwa shilingi, ambapo kiwango cha leo si cha mwezi uliopita, tarehe ni fedha ya mtu.

Wajumbe wawili waliniuliza kuhusu ile programu ya bure, LibreOffice. Wengine mnaiogopa kwa sababu haina bei. Si kitu kigeni kama mnavyodhani: mzazi wake, OpenOffice, alifundishwa Kiswahili mwaka 2004 na watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na Waswidi fulani, wakaita Jambo OpenOffice. Mwaka 2010 LibreOffice ikajitenga na kuendelea peke yake. Niliipakua kwa rafiki yangu mwenye stesheneri Tabora mjini, nikaiweka kwenye mpakato wangu wa nyumbani, nikaijaribu kwa nakala ya msimu uliopita. Jumla zote zililingana hadi senti. XLOOKUP wanayo tangu toleo la 24.8 la Agosti 2024. Kilichokataa ni kile kitufe cha kuchapa karatasi za malipo, kile alichokitengeneza mhasibu wa zamani kwa makro, yaani amri ndogo zilizoandikwa ndani ya Excel. Nilikibofya kikaniangalia tu. Barua za kampuni zilizoandikwa kwa Aptos, mwandiko mpya wa Microsoft, zilisogea mpaka saini ikaangukia ukurasa wa pili. Lakini Office 2016 yetu nayo inazisogeza hivyohivyo, haina mwandiko huo.

Kwa haki niseme na upande wa pili. Jiji la Munich kule Ujerumani lilihamisha maelfu ya kompyuta zake kwenda programu huria, likahangaika miaka, na mwaka 2017 likaamua kurudi Windows. Jimbo la Schleswig-Holstein, nchi hiyohiyo, mwaka 2024 limeamua kuhamia LibreOffice kwa kompyuta 30,000 hivi. Mnaona kwamba hata wenye wataalamu hawajakubaliana. Tofauti ni kwamba sisi tuna kompyuta tatu, na jaribio letu linamalizika kwa wiki mbili.

Kwa hiyo mapendekezo yangu ni haya. Kabla ya masoko kisisakinishwe kitu chochote kwenye kompyuta yoyote, isipokuwa kwa mhasibu: kuondoa kile kijiprogramu cha udanganyifu, kuwasha kinga ya virusi na kumwekea LibreOffice. Najua kikiondoka Office 2016 ile inaweza kugoma. Mhasibu atumie LibreOffice kusoma viambatisho, amesema yuko tayari, na jedwali la malipo tutalifanyia kazi kwenye kompyuta yangu ambayo Office yake 2010 ina kibandiko halali, ilikuja na mashine. MASTER ibadilishwe aina. Zinunuliwe diski mbili za nje, moja ikae kwenye sefu, nyingine kwa Mwenyekiti, na kila jioni ya soko nakala iende kote kuwili. Masoko yakifungwa na wakulima wakishalipwa, inunuliwe kompyuta moja mpya ya mhasibu yenye Windows 11, na Office ya kununua moja kwa moja, ile inayoitwa Home and Business 2024. Ilipotoka bei yake Marekani ilikuwa dola 249.99, kwa hapa ni zaidi ya laki sita, kwa kompyuta moja, na viraka vyake vinafika hadi tarehe 9 Oktoba 2029. Muuzaji akiwaletea inayoitwa Home tu kwa sababu ni rahisi, kataeni. Leseni yake si ya biashara. Meneja na mimi tubaki na LibreOffice, na kabla ya kuiamini tuendeshe msimu uliopita wote juu yake, robota kwa robota.

Kuna kadogo nilikasahau. Kadi za uanachama na vyeti vya mkulima bora vyote vimechorwa kwenye Publisher. Microsoft wanaiacha programu hiyo Oktoba mwaka huu, na kwenye Office 2024 haimo kabisa. Nitaanza kuvihamisha kimoja kimoja kuwa PDF na Word jioni zangu, sihitaji posho.

Profoma inasema bei yake inadumu siku thelathini, na zinaisha Ijumaa ya wiki ijayo. Hiyo si sababu ya kusaini. Ijumaa ikipita muuzaji ataleta nyingine, mimi nimeshapokea tatu tangu Novemba.

Wenu katika ushirika,
Karani wa mizani.

N.B. Paa la ghala linavuja upande wa mizani, mzee alisema kweli. Kompyuta yangu nimeisogeza karibu na mlango na kuifunika turubai. Mvua za Machi bado zipo, naomba mabati mawili na misumari ya kofia.